Kukinza na Kuhimili: Maelezo ya Kikomo cha Volti cha Rezista kwa Lugha ya Karakana za Langas

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutuasa tusikihukumu kitu kwa sura yake ya nje, na ni nadra kupata mahali inapofaa zaidi kuliko kwenye meza ya fundi wa vyombo vya umeme. Juu ya meza hiyo huweza kuwapo rezista mbili zenye urefu unaokaribiana na idadi ileile ya omu. Moja imeundwa kufanya kazi kwenye volti 1,600. Nyingine haikukusudiwa kupita volti 250. Fundi asiyeijua tofauti hiyo ataichukua iliyo karibu na mkono, ataifunga kwa lehemu, na chombo kitawaka. Hatari itabaki imejificha ndani ya chombo hadi siku kitakapofunguliwa tena.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa Kiswahili jinsi ya kuchagua rezista inayofaa katika saketi za volti za juu. Yataanza kwa kufafanua istilahi za msingi, kisha yataonyesha kwa hesabu rahisi kwa nini kujua omu na wati pekee hakutoshi. Baadaye yatatazama mifano miwili ya vyombo vinavyotengenezwa katika karakana za mitaani, na mwishowe yatajadili suala la lugha ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo linaloyapa makala haya nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili.

Msomaji aliyezoea kusoma hapa kuhusu fonolojia, ushairi na riwaya ana haki ya kuuliza: rezista na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba Kiswahili hakiishi katika fasihi tu. Kinaishi pia katika karakana, na huko neno linapokosekana huweza kumgharimu mtu uhai wake.

Langas na Kiswahili cha Karakana

Langas ni mtaa mkubwa ulio kusini mwa Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Kiutawala umo katika eneo bunge la Kapseret, Kaunti ya Uasin Gishu. Eldoret yenyewe, ambayo wengi bado huiita Sitini na Nne kwa sababu ilichipuka kwenye shamba lililopewa namba 64 enzi za wakoloni, ilipandishwa hadhi ikawa jiji mwezi wa Agosti 2024. Langas ni makao ya watu wa jamii nyingi: Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Waluo, Wakisii na wengineo. Katika mchanganyiko huo Kiswahili, pamoja na Sheng kwa vijana, ndicho kiungo cha biashara, cha ibada, cha mabishano ya mpira, na cha ufundi.

Mafundi wa jua kali hutengeneza huko redio, runinga, vipaza sauti, chaja za simu na maikrowevu. Mwanagenzi hujifunza kwa kutazama na kusikiliza. Fundi mkuu humwelekeza kwa Kiswahili: shika hapa, pima pale, ondoa hii iliyoungua. Lakini karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ambamo mna vipimo vyote vya kifaa, huandikwa kwa Kiingereza, na wakati mwingine kwa Kichina. Vilevile, fizikia ya shule za sekondari nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Hivyo maarifa husafiri kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi kwa Kiswahili, huku maonyo yakibaki nyuma katika lugha nyingine. Makala haya yanashughulikia onyo moja miongoni mwa hayo.

Istilahi za Msingi

Ili tuelewane, tulinganishe umeme na maji yanayotoka kwenye tangi lililo juu ya mnara. Volteji, ambayo hupimwa kwa volti, ni msukumo wa maji hayo: kadiri tangi linavyoinuliwa ndivyo msukumo unavyoongezeka. Mkondo, ambao hupimwa kwa ampea, ni wingi wa maji yanayopita kwa kila sekunde. Ukinzani, ambao hupimwa kwa omu, ni kule kubanwa kwa maji na wembamba wa bomba. Wati hupima nguvu inayotumika, na katika rezista nguvu hiyo hugeuka kuwa joto.

Rezista, ambayo katika istilahi za fizikia huitwa pia kikinza, ni kifaa kinachowekwa makusudi ili kuubana mkondo. Idadi ya omu zake huonyeshwa kwa michirizi ya rangi. Kwa mfano, rezista yenye michirizi ya kahawia, nyeusi, kijani na dhahabu ni ya omu milioni moja, yaani megaomu 1, na yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Idadi ya wati haiandikwi kwenye rezista ndogo za kawaida, lakini fundi mzoefu huikadiria kwa ukubwa wa umbo: robo wati ni ndogo kama punje ya mchele, nusu wati ni kubwa kidogo, na wati 1 ni kubwa zaidi.

Vipimo hivyo viwili, omu na wati, mafundi wengi huvijua vyema. Kipo cha tatu, nacho ni volteji ya juu kabisa ambayo rezista yaweza kuwekewa baina ya ncha zake mbili bila kuharibika. Katika makala haya tutakiita kikomo cha volti. Kikomo hiki hakionyeshwi kwa mchirizi wa rangi, wala hakiandikwi kwa tarakimu kwenye rezista ya kawaida. Kinapatikana katika karatasi ya mtengenezaji tu.

Mfano wetu wa bomba unasaidia hapa pia. Bomba jembamba huyakinza maji, lakini wembamba huo haukuambii ukuta wa bomba utapasuka kwa msukumo wa kiasi gani. Mabomba mawili yaweza kuwa na wembamba sawa, moja likiwa la mpira na jingine la chuma.

Kwa Nini Volti Ziwe na Kikomo

Rezista ya kawaida ya utando wa kaboni hutengenezwa kwa kijiti cha kauri kilichopakwa tabaka jembamba sana la kaboni. Kisha tabaka hilo huchongwa mfuo unaokizunguka kijiti toka ncha moja hadi nyingine, mithili ya utepe uliozungushwa kwenye fimbo. Mfuo huo huufanya mkondo upite njia ndefu na nyembamba, na hivyo omu huongezeka. Rezista yenye omu nyingi huwa na mizunguko mingi iliyosongamana.

Volteji iliyo baina ya ncha mbili hugawanyika katika mizunguko hiyo. Ikiwa kubwa mno, cheche huruka kutoka mzunguko mmoja hadi wa jirani, ikavuka mfuo badala ya kuufuata utando. Cheche hiyo huunguza kaboni. Baada ya muda thamani ya omu hubadilika, au utando hukatika kabisa na rezista ikawa kama waya uliokatwa. Volteji ikizidi zaidi, umeme huweza kuruka nje ya kijiti chote, kutoka kofia ya chuma ya ncha hii hadi ya ncha ile. Hapo rezista haikinzi chochote, kwa kuwa mkondo umejipatia njia hewani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba haya yote huweza kutokea rezista ikiwa baridi. Fundi aliyezoea kuigusa rezista ili ajue kama inaelemewa hatapata dalili yoyote.

Hesabu ya Mpaka

Viwango vya kawaida vya rezista za utando wa kaboni ni kama ifuatavyo: robo wati, volti 250, nusu wati, volti 350, wati 1, volti 500. Zile bapa zinazobandikwa juu ya bodi zina viwango vya chini zaidi: zenye alama ya ukubwa 0805 kwa kawaida ni volti 150, na za 1206 ni volti 200. Watengenezaji hutofautiana, kwa hiyo karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho.

Sasa ipo njia mbili za kuiua rezista: kwa joto au kwa volteji. Ni ipi itakayotangulia? Volteji inayoifikisha rezista kwenye kikomo chake cha wati ni kipeuo cha pili cha zao la wati na omu. Tukichukua rezista ya robo wati yenye omu 10,000, tunazidisha 0.25 kwa 10,000 na kupata 2,500, ambayo kipeuo chake cha pili ni 50. Rezista hiyo hufikia kikomo cha joto kwenye volti 50, mbali sana na volti 250. Hapa wati ndizo zinazotawala, na fundi anayehesabu wati peke yake yuko salama.

Tukichukua rezista ya robo wati yenye omu 1,000,000, hesabu inageuka. Zao ni 250,000 na kipeuo chake cha pili ni 500. Kwa upande wa joto, rezista hii ingeweza kubeba volti 500. Lakini kikomo chake cha volti ni 250. Anayehesabu wati pekee atakipita kikomo hicho mara mbili huku hesabu yake ikimwambia kuwa yuko salama.

Mpaka baina ya hali hizi mbili hupatikana kwa kuzidisha kikomo cha volti kwa chenyewe, kisha kugawanya kwa wati. Kwa rezista yetu ya robo wati, 250 mara 250 ni 62,500, na tukigawanya kwa 0.25 tunapata omu 250,000. Kwa ile ya nusu wati yenye kikomo cha volti 350, mpaka ni omu 245,000. Kwa hiyo mwanagenzi anaweza kuikariri kanuni nyepesi: chini ya omu robo milioni, ogopa joto, juu ya omu robo milioni, ogopa volti. Kanuni hii inahusu rezista za aina hizo mbili tu, lakini ndizo zilizojaa katika makopo ya vipuri.

Mfano wa Kwanza: Runinga na Chaja

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, mkondo geu, mizunguko 50 kwa sekunde. Tarakimu hiyo 240 ni wastani wa aina fulani. Kilele cha wimbi hupatikana kwa kuzidisha kwa 1.414, nacho ni karibu volti 339. Ndani ya runinga au chaja ya simu, dayodi huugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita hujaa hadi kwenye kilele hicho. Kwa hiyo saketi ambayo fundi anaifikiria kuwa ya volti 240 ni ya takriban volti 340, na umeme wa njia kuu ukipanda huzidi hapo.

Katika saketi hiyo kwa kawaida huwa na rezista za kuwashia, ambazo huchukua mkondo mdogo kutoka kwenye kapasita na kukiamsha kidhibiti. Mara nyingi mtengenezaji huweka mbili au tatu kwa mfuatano badala ya moja. Anayetazama kwa haraka huona ubadhirifu: kwa nini ziwekwe mbili za omu 470,000 wakati moja ya megaomu 1 ingekaribia kutoa thamani ileile? Tena wati zake zinatosha, kwani volti 339 kwenye omu milioni moja ni kama wati 0.115, chini ya nusu ya robo wati.

Sababu ni kikomo cha volti. Rezista moja ya robo wati ingebeba volti 339 huku kikomo chake kikiwa 250. Rezista mbili hugawana mzigo, kila moja ikabeba takriban volti 170, na zote mbili zikabaki na nafasi ya kupumua. Fundi anayeziondoa mbili na kuweka moja hapunguzi gharama. Anafuta kinga ambayo mhandisi aliiweka bila kuiandika popote. Katika mfano huu madhara si makubwa sana: rezista ikikatika, runinga haitawaka na mteja atarudi. Mfano unaofuata ni mzito zaidi.

Mfano wa Pili: Maikrowevu

Maikrowevu za aina ya kawaida zina transfoma inayoinua volti 240 hadi karibu volti 2,000 za mkondo geu. Kilele chake ni kama volti 2,800, na kapasita iliyo karibu yake hujaa kiasi hicho. Kapasita hiyo kwa kawaida ni ya takriban maikrofaradi 1. Chaji inayobaki humo baada ya plagi kuchomolewa inaweza kumuua mtu.

Kwa ajili hiyo huwekwa rezista ya kumwaga chaji, kwa kawaida ya megaomu 10, sambamba na kapasita. Katika maikrowevu nyingi rezista hii imefungwa ndani ya kapasita yenyewe. Kazi yake ni kumwaga polepole. Baada ya sekunde 10 volti 2,800 hushuka hadi kama 1,030, na baada ya sekunde 50 hubaki chini ya 20.

Tuseme rezista ya ndani imekufa na fundi ameamua kuongeza ya nje. Atapiga hesabu ya wati: 2,800 mara 2,800, gawanya kwa 10,000,000, jibu ni karibu 0.78. Atatafuta rezista ya wati 1 yenye megaomu 10 na kuifunga. Kwa omu ni sahihi, kwa wati ni sahihi. Lakini kikomo chake ni volti 500, nayo imewekewa volti zaidi ya mara tano ya hizo. Haitadumu.

Itakapokatika, chombo hakitaonyesha dalili yoyote. Taa itawaka, sahani itazunguka, chakula kitapashwa moto kama kawaida, kwa kuwa rezista hii haishiriki katika kupasha. Mwenye nyumba hatalalamika. Atakayelipa ni mtu atakayeifungua maikrowevu hiyo mara nyingine, akiamini kwamba chaji imekwisha kumwagika. Mara nyingi mtu huyo ni mwanagenzi, kwa sababu kufungua skrubu ndiyo kazi ya kwanza apewayo.

Kwa hiyo pana mafunzo mawili. Kwanza, rezista ya ndani ikifa, njia iliyo bora ni kubadilisha kapasita nzima kwa nyingine ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji. Pili, hata rezista ikiwa nzima, haitoshi kuiamini. Chombo kichomolewe, kisubiriwe, kisha ncha za kapasita zimalizwe chaji kwa kifaa chenye mpini wa kihami kabla ya mkono wowote kuingia. Na asiyefunzwa kazi hii asiifungue maikrowevu kabisa.

Tukumbuke vilevile kuwa mita ya kawaida ya fundi haifai kupima volti hizo. Mitundu yake ya kuchomekea waya huandikwa kikomo, kwa kawaida volti 600 au 1,000. Rezista zilizo ndani ya mita nazo zina kikomo chake, na cheche ikiruka ndani ya mita, aliyeishika ndiye aliye karibu nayo.

Mnyororo wa Rezista na Masharti Yake

Anayehitaji rezista moja ya volti za juu na hana, anaweza kuunda mnyororo wa rezista za kawaida kwa mfuatano. Kwa megaomu 10 na volti 2,800, rezista kumi za megaomu 1 zitagawana volti 280 kila moja. Robo wati haitafaa, maana kikomo chake ni 250. Nusu wati itakuwa kwenye asilimia 80 ya kikomo chake, na wati 1 itakuwa kwenye asilimia 56, ambayo ni hali ya utulivu zaidi. Hata hivyo, mnyororo una masharti yake.

Sharti la kwanza ni usawa. Rezista zote ziwe za thamani moja na aina moja. Kamba hukatikia pembamba, lakini katika mnyororo huu mambo ni kinyume kidogo: rezista yenye omu nyingi ndiyo inayobeba volti nyingi. Ukichanganya moja ya megaomu 5 na tano za megaomu 1, ile kubwa itabeba nusu ya volti zote. Hata zikiwa za thamani moja, ile tofauti ya asilimia 5 inayoruhusiwa yaweza kuifanya moja ibebe volti 306 badala ya 280, ikiwa yenyewe imezidi na tisa nyingine zote zimepungua.

Sharti la pili ni nafasi. Mnyororo usikunjwe hadi ncha ya mwanzo ikakaribia ncha ya mwisho, kwa sababu baina yao pana volti zote 2,800. Unyooshwe, na viungo vya lehemu viwe laini bila miiba, kwani umeme hupenda kurukia kwenye ncha kali.

Sharti la tatu ni usafi. Vumbi, jasho la vidole na masalia ya dawa ya kulehemia hufyonza unyevu na kuufungulia mkondo njia juu ya bodi. Rezista ya megaomu 10 iliyochafuka inaweza isiwe ya megaomu 10 tena.

Sharti la nne linaihusu Eldoret hasa. Jiji hili liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, shinikizo lake likiwa chini ya asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kwa umbali wa kawaida ulio baina ya sehemu za chombo, hewa nyepesi huruhusu cheche kuruka kwa volteji ndogo zaidi. Ndiyo maana viwango vingi vya kimataifa vya usalama huchukulia kuwa chombo kitatumika katika mwinuko usiozidi mita 2,000, na juu ya hapo hutaka nafasi zaidi. Fundi wa Langas anafanya kazi juu kidogo ya mstari huo. Nafasi iliyotosha Mombasa aiongeze kidogo akiwa Eldoret.

Kwa mwenye uwezo wa kununua, zipo rezista zilizoundwa kwa kazi hii. Mfano ni zile za kampuni ya Vishay: VR25 yenye kikomo cha volti 1,600 za mkondo mnyoofu, VR37 ya volti 3,500, na VR68 ya volti 10,000. Mwili wake ni wa buluu isiyokoza, na mchirizi wa mwisho ni wa manjano badala ya dhahabu. Rangi za dhahabu na fedha huepukwa kwa sababu huweza kuwa na chembechembe za metali, na metali haitakiwi juu ya kifaa cha volti za juu. Hapa, kwa nadra, rangi humsaidia fundi: manjano mahali pa dhahabu ni ishara ya kusimama na kuuliza.

Suala la Lugha: Kukinza na Kuhimili

Tumefika mahali ambapo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia. Istilahi ukinzani na kikinza zimetokana na kitenzi kinza, yaani kupinga, kwenda kinyume na jambo. Ni istilahi nzuri, kwa kuwa zinataja kazi ya kifaa. Hata hivyo, zinataja kazi hiyo tu. Hazisemi kifaa kitaifanya hadi lini.

Kiswahili kina kitenzi kingine, himili, chenye asili moja na himila, yaani mzigo, na hamali, yaani mchukuzi. Kuhimili ni kuubeba mzigo bila kuvunjika. Nguzo au boriti inayobeba jengo huitwa mhimili. Mtu anaweza kukinza kwa ukali na asihimili hata kidogo, na mwingine akahimili sana bila kukinza. Lugha yetu imezitenga dhana hizi mbili tangu zamani, na utenganisho huo ndio ambao fizikia ya rezista inauhitaji. Omu ni swali la kukinza. Wati na volti ni maswali mawili ya kuhimili: moja ni kuhimili joto, la pili ni kuhimili msukumo. Mwanagenzi akiambiwa hivi ataelewa kwa sekunde chache kile ambacho karatasi ya Kiingereza humficha.

Je, dhana hii ya tatu iitweje? Tungeweza kusema volteji himilivu, au uhimilivu wa volteji. Istilahi hizo ni za kisarufi na zinatokana na kitenzi kifaacho. Mwandishi anapendelea kikomo cha volti kwa sababu tatu. Kwanza, maneno yake yote yanajulikana mitaani. Pili, nomino kikomo imetokana na koma, na kila mtoto aliyewahi kuambiwa “koma!” anajua kuwa neno hilo halijadiliwi. Tatu, istilahi hii yaweza kupanuliwa bila shida: kikomo cha wati, kikomo cha ampea, kikomo cha joto. Uhimilivu ubaki kuwa jina la sifa ya jumla, na kikomo kiwe jina la tarakimu yake.

Kazi kubwa katika istilahi za sayansi imekwisha kufanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini kamusi humpa mtu neno, wala haimpi maelezo. Anayekutana na neno ukinzani katika orodha hatajua kwa hilo pekee kwa nini rezista mbili ziliwekwa mahali pa moja. Maelezo yanahitaji aya, mifano na hesabu, na hizo haziandikwi na kamati ya istilahi. Huandikwa na watu wanaoijua lugha wakiwa wameketi na watu wanaoijua kazi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa rezista ina vipimo vitatu, na kwamba kikomo cha volti, ambacho hakiandikwi kwenye mwili wake, hutawala pale omu zinapokuwa nyingi. Tumeona kuwa katika runinga na chaja kukipuuza huleta hasara, na katika maikrowevu huweza kuleta kifo. Tumeona pia jinsi ya kugawanya volteji kwa mnyororo, na kwa nini mwinuko wa Eldoret unadai hadhari zaidi.

Mwandishi anapendekeza kuwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa kushirikiana na wenzetu wa fizikia na uhandisi, viandae karatasi moja ya ukutani kwa ajili ya karakana. Iwe na jedwali la vikomo vya volti kwa ukubwa wa rezista, kanuni ya omu robo milioni, na hatua za kumaliza chaji ya kapasita, yote kwa Kiswahili ambacho fundi na mwanagenzi wake watakisoma bila mkalimani. Kabla ya kuchapishwa, isomwe kwanza na mafundi wenyewe, wairekebishe pale ambapo neno letu la darasani halifiki kwenye meza yao. Karatasi ya namna hiyo haigharimu fedha nyingi, na Langas si mbali na vyuo vyetu.